Antigone na Wasichana wa Meru: Suala la Mwanamke Shupavu katika Tanzia

Msomaji wa Kiswahili hukutana na Antigone mwishoni mwa Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi (1971), akiwa mtoto asiyetamka neno. Katika tanzia inayobeba jina lake, iliyoigizwa Athens yapata mwaka 441 K.K., binti huyo anamzika kaka yake kinyume cha amri ya Creon. Wahakiki wengi humtukuza kama mwanamke aliyejikomboa. Usomaji huo ni mwepesi mno. Anachokitetea Antigone ni ada kongwe ya ukoo na miungu. Kilicho kipya ni amri ya mfalme.

Historia ya Meru inaufunua utata huu kuliko nadharia nyingi. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke, likishirikiana na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji katika wilaya ya Meru, ambayo Kangeta na Igembe yote ilikuwa sehemu yake. Wasichana waliikaidi amri hiyo kwa kutahiriana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, yaani ‘nitajitahiri mwenyewe’. Mwanahistoria Lynn Thomas, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996, anaonyesha kwamba katika muda wa miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana kwa watu wazima, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika.

Mfanano u wazi, ila hauendi mbali. Antigone aliistiri maiti ya mwingine. Msichana wa Meru aliutoa mwili wake mwenyewe, kwa ada iliyomdhuru. Anayemwita shujaa hukaribia kulihalalisha jeraha lake. Anayemwita mhasiriwa tu humpokonya kauli, jambo ambalo wazee walikwisha kulifanya. Kwani safari hii Creon alikataza lililostahili kukatazwa, lakini hakuwashauri wenye miili.

Tena Antigone yu peke yake: Ismene anakataa kumsaidia, korasi ni ya wazee wa Thebes, na hata waigizaji wote wa Athens, waliovaa vinyago vya kike, walikuwa wanaume. Ngaitana walikwenda kwa makundi, nao hawakuigizwa na mtu. Mtunzi atakayeliandikia jukwaa la Kiswahili kisa hicho itambidi kwanza aamue korasi iwe ya nani, wazee wa Njuri au wasichana.