Saini isiyomtaja mwenyewe

Desemba 2026 itatimia miaka 25 tangu Ronald Rivest, Adi Shamir na Yael Tauman wawasilishe huko Gold Coast, Australia, andiko lenye kichwa cha kichokozi kuhusu namna ya kuvujisha siri. Mfano wao ni waziri anayetaka kumnong'oneza mwandishi wa habari vituko vya waziri mkuu. Mwandishi ahakikishe habari imetoka ndani ya baraza la mawaziri, ila asijue ni kwa nani.

Safari ya kuelekea saini ya namna hiyo ilianza Brighton, Uingereza, mwaka 1991, David Chaum na Eugène van Heyst walipoleta saini ya kidijitali ya kikundi. Tuseme kikoba cha akina mama wa Kidugala, mkoani Njombe. Kila mmoja ana ufunguo wake wa siri. Yeyote akisaini, benki iliyoko Makambako inathibitisha kwa ufunguo mmoja wa wazi kwamba ni mwanakikoba, basi. Lakini yupo msimamizi anayeweza kuifungua saini na kumtaja mhusika.

Rivest na wenzake walimfuta msimamizi huyo. Msaini huchukua funguo za wazi za wenzake, hata bila ruhusa yao, akazifunga pamoja na siri yake katika duara la hesabu. Hakuna wa kulifungua. Wanaomtetea msimamizi huuliza: fedha zikiliwa, atashikwa nani?

Swali hilo sisi Watanzania tulilipeleka Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Polisi walitaka majina ya watumiaji walioandika bila kujitaja, naye akagoma. Duara la hesabu hakuwa nalo. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi, na kinga pekee ya watu wale ilikuwa ukaidi wake. Mwaka 2019 kamati ya kimataifa ya kulinda waandishi, CPJ, ilimtunuku. Aprili 2020 mahakama ikampa faini ya shilingi milioni tatu au kifungo cha mwaka mmoja. Kinga ya namna hiyo ni ghali mno kumtwisha mtu mmoja.

Tangu 2014 sarafu ya kidijitali ya Monero hutumia saini za duara kila siku. Huku kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka saini salama imtambulishe aliyesaini. Kwa kipimo hicho, saini ya kikoba ikiwa ya duara ingerudishwa kwenye dirisha la benki.