Fasihi na Shimo la Udongo

Mtoto wa Kichina anayesoma Kigali ana somo ambalo halimo kwenye ratiba ya shule yake. Kwao linaitwa "yuwen": "yu" ni lugha ya kusema, "wen" ni maandishi, na sarufi na shairi hufundishwa chini ya jina hilo moja. Jumamosi hukalishwa nyumbani na daftari la miraba, kila mraba umegawanywa sehemu nne kwa mistari ya nukta, aandike alama moja katika kila mraba mpaka mkono uzoee. Miraba hiyo huitwa "tianzige", kwa kuwa inafanana na alama ya neno shamba. Jumatatu anafungua daftari la Kiingereza, lenye mistari mitupu, na kazi ya fasihi inamsubiri: mweleze mhusika mkuu, taja dhamira.

Kiingereza chake tumezoea kukiita lugha ya pili. Hesabu hiyo siipendi. Jirani yake wa dawati kwao wanasema Kinyarwanda, na tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kuacha kufundishia kwa Kifaransa na kushika Kiingereza, wote wawili wanaisoma riwaya kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyebembelezwa nayo. "Lugha ya kigeni" ni mbaya zaidi: humo darasani mgeni nani, lugha au mtoto? Istilahi ya haki ni "lugha ya kufundishia". Inataja kazi ya lugha na kumwacha mtoto nje ya foleni.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni jina la ile kazi ya fasihi yenyewe. Waingereza wamelichukua lao kutoka Kilatini, nalo linarudi kwenye herufi. Wachina husema "wenxue", elimu ya maandishi. Majina yote mawili yanatazama ukurasa. Sisi tukasema fasihi, kutokana na ufasaha, tukautazama ulimi. Ndiyo maana "fasihi simulizi" kwetu haigongani na chochote. (Waarabu wenyewe, tuliowakopa, husema "adab", neno ambalo sisi tulilipeleka kwenye heshima na malezi.) Wanyarwanda wakaenda mbali zaidi. Wao wana "ubuvanganzo", yaani kile kitokacho "inganzo", na inganzo ni shimo wanakochimba udongo wa kufinyangia vyungu. Ndilo neno hilohilo la kipaji cha mtunzi. Hapo hakuna herufi wala ulimi. Kuna mahali pa kuchimba, na mikono.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na kinafundishwa shuleni. Kitabu chake cha fasihi kwa shule za huko ningetaka kifafanue istilahi kwa kuanzia ubuvanganzo, halafu fasihi, na "wenxue" iwekwe ubavuni pale ambapo mwanafunzi anayo. Mtoto anayeulizwa dhamira ya riwaya ya Kiingereza hukosa maneno ya Kiingereza mara nyingi zaidi kuliko anavyokosa fikra. Mwalimu akimruhusu kwanza aichimbe kwa Kichina, hata kwa kunong'onezana na nduguye, jibu la Kiingereza huja na kitu ndani yake.