Herufi ya Farasi: Historia ya Alama Moja ya Kichina na Funzo Lake

Mwanahistoria Sima Qian asimulia kisa cha Shi Jian, afisa katika jumba la Kaizari Wu wa ukoo wa Han, aliyetawala China tangu 141 hata 87 K.K. Afisa huyo alipeleka waraka kwa mfalme wake. Waraka uliporudi akausoma tena, akaona kwamba neno "farasi" ameliandika pungufu. Miguu na mkia hapana budi iwe mipigo mitano ya brashi, naye ameandika minne. Akashikwa na hofu kuu ya kuuawa. Sima Qian alikusudia kuonyesha uangalifu wa mtu huyo. Lakini kwa mchunguzi wa maandishi kisa hiki chazusha swali ambalo kila ajifunzaye Kichina hukutana nalo: herufi ni picha ya kitu, au ni alama ya neno?

Kwamba asili yake ni picha, hapana shaka. Katika mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe yaliyotumiwa kupigia ramli zama za wafalme wa Shang, yapata miaka 3,200 iliyopita, ambayo wanazuoni walianza kuyatambua mwaka 1899, neno mǎ, yaani farasi, limechorwa kama mnyama mwenye kichwa, manyoya ya shingo, miguu na mkia. Karne hata karne, kwa haja ya kuandika upesi, mapindo ya mchoro yalinyooshwa, hata likapatikana umbo 馬, lenye mipigo 10. Nukta nne za chini, pamoja na mpindo uzizungukao, ni masalio ya ile miguu na mkia aliyoihesabu Shi Jian.

Lakini picha haikutosha, kwa kuwa lugha ina maneno mengi yasiyochorekeka. Waandishi wakaazima sauti. Herufi hiyo ikitanguliwa na alama ya mwanamke huwa 媽, mā, yaani mama. Ikitanguliwa na alama ya kinywa huwa 嗎, ma, neno la kuulizia liwekwalo mwisho wa sentensi. Humo hamna farasi. Kilichoazimwa ni sauti tu, na toni yabadilika. Kinyume chake, katika 騎, kupanda mnyama, na 驢, punda, haileti sauti bali yaonyesha jinsi ya maana. Tena Xu Shen, aliyemaliza kamusi yake mwaka 100 B.K., alipozipanga herufi 9,353 chini ya vichwa 540, alimfanya farasi kuwa kimojawapo cha vichwa hivyo. Basi alama moja yafanya kazi ya neno, ya sauti na ya fungu la maana.

Mwaka 1956 serikali ya China ilitangaza mpango wa kurahisisha maandishi, na 馬 ikawa 马, yenye mipigo mitatu, kwa kufuata hati ya mkono wa haraka. Nukta nne zikawa mstari mmoja. Afisa wa Han alihofia kufa kwa upungufu wa mpigo mmoja. Safari hii ilipunguzwa saba kwa amri, na neno likasomeka vile vile. Katika Taiwan na Hong Kong umbo la zamani laendelea kutumika. Ni dhahiri kwamba makubaliano ya waandishi, wala si kufanana na mnyama, ndiyo yanayoipa herufi uhai.

Ushahidi mwingine umo katika majina ya mahali. Kumbukumbu za ukoo wa Ming zataja twiga aliyeletwa mwaka 1415 kutoka Malin, nchi ambayo wataalamu wengi huitambua kuwa Malindi. Jina hilo liliandikwa 麻林, na herufi yake ya kwanza maana yake ni katani. Siku hizi Malindi huandikwa 马林迪, jina lianzalo na farasi. Wala katani wala farasi hawahusiani na mji huo. Msomaji atakiwa kusikia, si kutazama.

Kwa hiyo mwalimu amwonyeshaye mwanafunzi mchoro wa farasi peke yake amempa msaada wa siku moja tu. Yafaa aanze na sauti na toni yake, ile ishukayo kisha ikapanda. Kisha aufundishe mkono utaratibu: mpigo wa kwanza waenda kulia na kupinda chini, wa pili washuka, wapinda kulia, washuka tena na kuishia kwa ndoana, wa tatu ni mstari wa kulala. Herufi ikiwekwa ubavuni mwa nyingine, kama katika 骑, mstari huo huinuliwa kuelekea kulia. Mwisho yaje matumizi, kama 马上, mǎshàng, ambalo kwa neno neno ni "juu ya farasi", nao wasemaji hulitumia kwa maana ya "mara moja". Mwanafunzi aliyefika hapo ataweza kuiandika sentensi ya kwanza ya haraka yake, na farasi hayumo.