Miaka 15 ilitoka wapi?

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mwalimu mmoja mstaafu wa huko Maswa. Barua yenyewe ni fupi, na swali lake ni moja tu. Anauliza: ile miaka 15 ya kumwoza binti, iliyomo katika Sheria yetu ya Ndoa, ilitoka wapi? Anasema kila akilizungumza jambo hilo kijijini anajibiwa kwamba ndiyo mila yetu, basi, na mazungumzo yanakwisha hapo.

Mwalimu wangu, hiyo si mila. Mila zetu hazikuwa na tabia ya kuhesabu miaka kwa tarakimu. Wazee wetu walitazama mwili wa binti, wakatazama jembe lake shambani, na wakatazama zizi la upande wa pili. Wengi wao wasingeweza kukutajia mwaka aliozaliwa binti huyo, maana walikumbuka kwa njaa au kwa mvua kubwa. Miaka 15 ni kazi ya watu waliokaa mezani na kalamu, na habari zao zinajulikana.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulirithi sheria za ndoa za kila namna. Mkristo alikuwa na yake, Mwislamu yake, Mhindu yake, na sisi wengine tulikuwa na mila za makabila, ambazo mwaka 1963 sehemu yake iliandikwa kwenye tangazo la serikali ili mahakama zipate cha kushika. Katika mwaka 1969 Serikali ikatoa Waraka wake Namba 1, wenye mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa kwa watu wote wa Tanzania Bara. Waraka ule ulizua mjadala mkali, na wanaume ndio waliopiga kelele zaidi. Ilikuwaje mke wa kwanza aweze kwenda kupinga mume wake asioe wa pili? Ilikuwaje mume akatazwe kumpiga mkewe? Umri wa binti haukuwatoa watu jasho kama mambo hayo.

Sheria ikapitishwa, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Niseme kwa haki kwamba kwa wakati wake ilikuwa sheria ya kujivunia. Ilisema ndoa ni hiari ya wawili. Ilisema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Iliagiza kwamba mali iliyochumwa pamoja igawanywe ndoa ikivunjika, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Wanawake wengi wana paa juu ya vichwa vyao leo kwa sababu ya kifungu kile.

Lakini kifungu cha 13 kikasema mwanamume asioe kabla ya miaka 18, na mwanamke asiolewe kabla ya miaka 15. Mahakama ikapewa ruhusa ya kushuka hadi 14 kukiwa na sababu maalumu. Kwa nini 15? Mwaka 1965 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeyashauri mataifa wanachama kwamba umri wa kuoa au kuolewa, kwa hali yoyote, usipungue miaka 15. Kwa hiyo 15 ilikuwa ndiyo chini kabisa dunia ilipoweza kukubali wakati ule. Kwa wavulana tulipanda juu ya pale. Kwa wasichana tukabaki palepale chini, ili wazee wa mila na wa dini wasiikatae sheria nzima. Yalikuwa maafikiano, kama yanayofanyika sokoni, kila upande ukaondoka na chake. Binti hakuwamo katika mazungumzo hayo.

Kisha kuna kifungu cha 17, ambacho hakitajwi sana, nami naona ndicho kibaya zaidi. Kilisema binti aliye chini ya miaka 18 ataolewa kwa ridhaa ya baba yake. Baba akiwa amekufa, ndipo mama aulizwe. Mama aliye hai, aliyebeba mimba ile na kumlea mtoto yule, hana neno maadamu baba anapumua. Nawakumbusha kwamba miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka 1967, Azimio la Arusha lilikuwa limekiri hadharani kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kupita watu wote, saa 12 hadi 14 kwa siku. Tuliwasifu kwa jembe, tukawanyima neno juu ya mabinti zao.

Sasa niruhusuni niseme jambo la nyumbani kwetu, maana swali la mwalimu limenigusa mahali penye kidonda.

Mwaka 1975 mimi na dada yangu tulikuwa darasa moja, la saba, katika kijiji kimoja mkoani Shinyanga. Yeye ananizidi mwaka mmoja, lakini tulianzishwa shule siku moja ili anishike mkono njiani. Katika hesabu alikuwa mbele yangu, na si kidogo. Mara nyingi mimi ndiye niliyenakili kwake. Mwezi wa saba, baada ya mavuno, akaja mshenga. Ng'ombe kumi na mmoja wakaingia zizini mwetu, na dada hakufika kwenye mtihani wa mwisho. Alikuwa na miaka 15 kamili. Mama alikaa jikoni siku mbili bila kusema na mtu, kisha akatoka akaendelea na kazi.

Mimi nilifaulu. Miaka ile sekondari za serikali hazikuwa na ada, lakini yalitakiwa sanduku, blanketi, viatu na nauli ya treni ya kwenda Tabora. Baba akauza ng'ombe wawili. Sikuhitaji kuambiwa ni wawili wapi, kwani nilikuwa nikiwachunga. Elimu hii inayonifanya nisimame mbele ya kipaza sauti hiki ilianzia kwenye mahari ya dada yangu.

Baba yangu hakuwa mtu katili, wala hakuvunja sheria yoyote. Hilo ndilo linalonisumbua. Angekuja ofisa na kitabu cha sheria mkononi, angemkuta baba ametimiza kila kifungu. Na umaskini wenyewe haukuondoka pale kwetu. Ng'ombe waliobaki walipukutika kwa ukame na kwa maradhi. Dada, ambaye angeweza kuwa mwalimu au mhasibu na kuwatunza wazee kwa mshahara wake, alizaa watoto watatu kabla hajafika umri wa mimi kumaliza kidato cha sita. Tulibadilisha mtu wa kutuinua kwa ng'ombe wa kutuvusha msimu mmoja.

Tusidhani hayo yaliishia kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, kabla haujagawanywa, wanawake 59 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Kwa nchi nzima walikuwa 37. Ulipofanyika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 29. Tumepungua, ndiyo, lakini karibu theluthi moja ya mabinti wa taifa si idadi ya kupongezana.

Aliyeipeleka miaka 15 mahakamani ni mwanamke kijana, mwanasheria Rebeca Gyumi. Alifungua shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani. Nilisoma hoja zake kwa mshangao, maana yale maafikiano yaliyofanywa mezani sasa yalitetewa kama urithi wa mababu. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Mwaka mwingine ukapita, Serikali ikisema inakusanya maoni, na Bunge halikuwa limegusa vifungu hivyo. Sijui maoni gani zaidi yalitakiwa. Ya kina dada yangu, nadhani, hayakuwahi kukusanywa.

Jioni ya siku ile ya Oktoba nilimpigia dada simu kijijini. Ni bibi sasa, na anakaa na mjukuu wake aliyekuwa kidato cha pili. Nikamweleza hukumu yote, pamoja na kifungu cha 17. Akasikiliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo sasa na mama naye ataulizwa?"

Nikamwambia hapana, dada. Ikiwa ni miaka 18, haulizwi baba wala mama. Anaulizwa binti mwenyewe.

Akanyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza kama mvua za vuli zimeanza huku Dar es Salaam.