Wapashupata: Historia Yao Ianzie Mathura

Simulizi nyingi za asili ya Wapashupata, watawa wa kale waliomwabudu Shiva kwa jina la Pashupati, Bwana wa Wanyama, huanzia Mohenjo-daro, mji wa kale wa Bonde la Indus. Mwaka 1931 mwanaakiolojia John Marshall alieleza kwamba mtu mwenye pembe kwenye muhuri mdogo wa huko, aliyeketi kati ya wanyama, ni Shiva wa mwanzo. Dai hilo limerudiwa mno hata likaonekana jambo lililothibitishwa. Halijathibitishwa. Maandishi ya Bonde la Indus hayajasomeka mpaka leo, na kutoka muhuri huo hadi Wapashupata tunaowajua kwa majina kuna pengo la zaidi ya miaka 2,000. Pembe na mkao wa miguu haviwezi kuliziba.

Ushahidi wa kutegemewa uko kwenye nguzo ya mawe iliyopatikana Mathura, kaskazini mwa India. Iliandikwa mwaka 61 wa hesabu ya Wagupta, yaani 380 BK, enzi ya Chandragupta wa Pili. Mwalimu Udita anajitambulisha kuwa wa kumi katika mfululizo wa walimu tangu Kushika, na anasema amesimamisha kumbukumbu mbili kwa heshima ya walimu wake, Kapila na Upamita. Hakuandika ili asifiwe, anaeleza, bali awasihi walimu watakaomfuata wazienzi. Huo ni usia wa jumuiya iliyojua ilikotoka na iliyojali kudumu.

Nguzo haimtaji Lakulisha, anayehesabiwa kuwa mwasisi. Wanaomtilia shaka hushikilia hapo, nao wana haki ya kusikilizwa. Hata Kaundinya, mfafanuzi wa Pashupata Sutra, maandiko yao ya msingi, hamtaji kwa jina: anasema Mungu alitwaa mwili wa Mbrahmani huko Kayavatarana, ambayo ni Karvan ya leo katika Gujarat, akatembea hadi Ujjain, akamfundisha Kushika. Lakini Kushika huyo ndiye kiungo: nguzo inahesabu walimu tangu yeye, na Kaundinya anamtaja kuwa mwanafunzi wa mwalimu huyo wa kwanza. Mwanahistoria D. R. Bhandarkar alihesabu miaka 25 kwa kila kizazi, akamweka Lakulisha mwanzoni mwa karne ya 2. Mimi naona miaka hiyo ni mingi, kwa kuwa mwalimu humrithisha mwanafunzi, si baba mwana, na mwanafunzi aweza kuwa mtu mzima tayari. Tukihesabu miaka 15, Kushika anafika katikati ya karne ya 3. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo pa kumtafuta Lakulisha.

Ufafanuzi wa Kaundinya ulichapishwa Trivandrum mwaka 1940, na unawasafisha watawa hawa na tuhuma ya wendawazimu. Kwanza mtawa alikaa hekaluni, akioga majivu mara tatu kwa siku, akicheka, akicheza na kuguruma kama fahali mbele ya Shiva. Kisha alificha alama zake, akaenda kwa watu akijifanya kukoroma, kutetemeka na kuchechemea, ili wamdharau. Waliamini kwamba anayemtukana asiye na kosa humwachia thawabu zake na kubeba dhambi za huyo aliyetukanwa. Hiyo ilikuwa nidhamu yenye hatua na hoja, ingawa iliruhusiwa kwa wanaume Wabrahmani peke yao.

Baadaye walifika hadi kwa Wakhmer wa Kambodia, na katika karne ya 14 mwanafalsafa Madhava bado aliyafupisha mafundisho yao. Wahariri wa vitabu vya shule na waongozaji wa makumbusho wauondoe muhuri wa Mohenjo-daro kwenye sura ya Wapashupata, waweke nguzo ya mwaka 380.