Moto wa Wakalapuya na Kipepeo wa Bonde la Willamette

Tunapojifunza historia ya mazingira, ni rahisi kudhani kwamba pori lilistawi kwa sababu binadamu hakuligusa. Bonde la Willamette, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, linaonyesha kinyume chake.

Kabla ya walowezi kufika, Wakalapuya walichoma nyasi za bonde hilo kuelekea mwisho wa kiangazi. Walifanya hivyo ili wakusanye mbegu kwa urahisi, wastawishe mimea ya matunguu waliyokula, na wavutie wanyama wa kuwinda kwenye majani mapya. Mtaalamu wa mimea David Douglas alipopita huko mwaka 1826 aliikuta ardhi imeungua. Moto huo ulizuia vichaka na miti kufunika mbuga, hivyo maua ya porini yakaendelea kulisha nyuki na vipepeo.

Katika miaka ya 1830 maradhi, hasa malaria, yaliwaua Wakalapuya wengi mno. Mwaka 1855 waliosalia waliachia ardhi yao kwa mkataba, kisha wakahamishiwa Grand Ronde. Sehemu kubwa ya bonde ililimwa. Sehemu nyingi zilizokosa moto zikageuka vichaka na misitu. Lupini ya Kincaid, mmea wa jamii ya mikunde unaoliwa na viwavi wa kipepeo wa bluu wa Fender, ikapungua. Baada ya miaka ya 1930 kipepeo huyo alidhaniwa ametoweka, hadi alipoonekana tena mwaka 1989.

Kurudisha moto hakukuwa jambo jepesi, kwani moto huua viwavi waliojificha chini ya mimea, ingawa baadaye lupini hustawi na vipepeo huongezeka. Mwaka 1998 watafiti Cheryl Schultz na Elizabeth Crone walieleza faida ya kuchoma sehemu tu ya makazi, ili vipepeo wa upande uliobaki wahamie uliochomwa. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilimpunguzia kipepeo huyo daraja la hatari ya kutoweka.

Kwa hiyo, kuondolewa kwa wachomaji kuliyapunguza pia maua. Kwetu Afrika Mashariki, ambako warina asali na wafugaji hulaumiwa haraka nyika inapoungua, mfano huu hauhalalishi kila moto. Unatutaka tuulize nani alichoma, msimu gani, kiasi gani na kwa sababu gani, kabla hatujaandika neno "uharibifu".