Bunduki ya upepo ya springi na ya mtungi: historia yake, na kunguru wetu wa Boko



Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi hapa Boko, kuanzia Magengeni hadi Basihaya, si la chanjo wala la chakula cha kuku. Ni la kunguru. Mtu anafungua banda asubuhi akiwa na vifaranga kumi na wawili, jioni anahesabu saba. Na siku hizi muulizaji anakuja na jibu lake kabisa: "Afisa, nimeona bunduki za upepo kwenye simu. Kuna ya springi na kuna ya mtungi. Ninunue ipi?"

Leo nitalijibu kwa kirefu, tena kwa njia ya historia. Bunduki hizi mbili zimeshindana kwa zaidi ya miaka mia mbili, na sababu zilizofanya moja ishinde na nyingine irudi kabatini zinamhusu kabisa mfugaji wa Boko. Kunguru naye ana historia yake, na hiyo ndiyo iliyobeba jibu lenyewe.

Zinavyofanya kazi

Chukua bomba la mgongoni unalopulizia dawa mchicha. Unapampu, upepo unajikusanya ndani, kisha ukibonyeza mkono dawa inatoka. Nguvu uliiweka akiba mapema. Bunduki ya mtungi iko hivyo. Upepo unashindiliwa kabla kwenye mtungi mdogo, na kila ukifyatua, valvu inafunguka kidogo na kusukuma risasi moja. Ukijaza mara moja unapiga mara nyingi.

Tofauti ni ukubwa wa presha. Fundi tairi hujaza gari dogo takribani 30. Kwa kipimo hichohicho, mtungi wa bunduki hutaka takribani 3,000. Ni mara mia moja ya tairi.

Ya springi inafanana na mtego wa panya. Unaivuta springi ngumu mpaka inanasa. Ukifyatua, springi inaachia na kusukuma pistoni kwa kasi ndani ya silinda, upepo uliopo mbele ya pistoni unabanwa ghafla, unapata joto na kuisukuma risasi. Hakuna upepo uliowekwa akiba, unatengenezwa papo hapo. Ukimaliza unavuta tena.

Kwa hiyo ya springi haihitaji kitu kingine zaidi ya mkono wako. Ubaya wake ni kwamba pistoni inakimbia na kugonga mwisho wa silinda wakati risasi bado iko ndani ya mtutu. Bunduki inatikisika mbele na nyuma, na asiye na mazoezi ya muda mrefu hukosa shabaha hata umbali mfupi. Ya mtungi inatulia mkononi na ni rahisi kulenga, lakini bila upepo ni gongo tu.

Ya mtungi ilitangulia jeshini

Wengi hudhani ya mtungi ni uvumbuzi wa juzi. Sivyo. Karibu mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartolomäus Girandoni. Kitako chake ndicho kilichokuwa mtungi. Ilibeba risasi 20 kwa mpigo, wakati askari wa kawaida wa zama hizo alikuwa akishindilia baruti na risasi moja moja kupitia mdomo wa mtutu, kama gobori. Haikutoa moshi, na mvua haikuizuia.

Ukisikia hivyo utasema kwa nini isiitawale dunia. Jibu liko kwenye pampu. Kuujaza mtungi mmoja kwa mkono kulihitaji mapigo yapatayo 1,500. Sili zake zilikuwa za ngozi, na zikikauka upepo unavuja. Mitungi yenyewe ilikuwa migumu kutengeneza, na mafundi wa kuirekebisha walikuwa wachache. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi likaiweka kando. Haikushindwa kwa sababu ni dhaifu. Ilishindwa kwa sababu ya matunzo.

Sisi wa ugani tunalijua jambo hili vizuri. Ni mashine ngapi nzuri zimelala stoo za vikundi vyetu kwa kukosa sili ya bei ndogo?

Ya springi iliwafuata wakulima

Karne moja baadaye, huko Plymouth katika jimbo la Michigan, Marekani, kulikuwa na kampuni iliyowatengenezea wakulima vinu vya upepo vya chuma vya kuvutia maji. Mwaka 1888 Clarence Hamilton aliwaletea bunduki ndogo ya upepo ya chuma. Kampuni ikaanza kuitoa kama zawadi kwa mkulima anayenunua kinu. Baada ya muda wakulima waliitaka zaidi bunduki kuliko kinu, na mwaka 1895 kampuni ikabadili jina na kuitwa Daisy, jina la bunduki hiyo. Vinu vikaachwa.

Uingereza nako, Lincoln Jeffries wa Birmingham alisajili muundo wake wa springi mwaka 1904, na kuanzia 1905 ukatengenezwa na BSA, kampuni ambayo wazee wetu wengi waliijua kwa baiskeli zake. Ujerumani viwanda kama Diana vilifuata njia hiyohiyo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ukitaja bunduki ya upepo watu walielewa ya springi. Ilishinda kwa sababu mkulima aliyeko mbali na mji hakuhitaji pampu, mtungi wala fundi wa karibu.

Kwa nini ya mtungi ilirudi

Ilirudishwa na wapiga mbizi. Mwaka 1943 Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa cha kupumulia chini ya maji kwa kutumia mtungi wa hewa. Mchezo wa kupiga mbizi ulipoenea, mitungi ya presha kubwa na mashine za kuijaza zikawa vitu vya kununulika. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji wa Uingereza, Daystate ikiwa miongoni mwa wa mwanzo, wakaileta upya bunduki ya mtungi. Yale mapigo 1,500 yakageuka dakika chache za kufungua valvu ya mtungi mkubwa. Sili za ngozi zikawa oringi za mpira.

Angalia vizuri kilichobadilika. Wazo ni lilelile la Girandoni. Kilichoongezeka ni huduma inayoizunguka. Mahali penye huduma hiyo, ya mtungi ni bora kwa shabaha. Mahali pasipo nayo, umerudi mwaka 1780.

Hapa kwetu, fundi tairi hawezi kukujazia, na asijaribu, maana kifaa chake hakikutengenezwa kwa presha hiyo na mtungi mbovu ukipasuka unaua. Pampu za mkono zipo, lakini ni kazi ya jasho. Pia hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ukiishindilia bila kuikausha, maji yanabaki ndani na kutu inaanza mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa hiyo kama swali lingekuwa la mashine tu, ningesema ya springi ndiyo inayoweza kudumu Boko. Lakini wewe uliniuliza kuhusu vifaranga.

Kunguru naye ana historia

Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Ni kunguru wa India. Kunguru wetu wa asili ana shingo na kifua cheupe, na siku hizi kumwona mjini ni nadra. Wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kula taka za mji. Hazikupita hata miaka thelathini akawa tayari anahesabiwa ndege msumbufu. Kutoka huko akaenea pwani, Mombasa akaonekana mwaka 1947, na Dar es Salaam leo hakuna soko lisilo naye.

Watu wamepambana naye kweli. Zanzibar, kati ya 1990 na 1995, uliendeshwa mradi mkubwa kwa msaada wa Finland. Walitumia mitego, sumu maalumu, kuondoa mayai na makinda, na bunduki pia. Idadi ilishuka sana. Fedha za mradi zilipoisha, kunguru wakarudi. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2010, Serikali iliendesha kampeni kwa sumu hiyo maalumu, na bado tunao. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja.

Sasa linganisha na bunduki yako. Kunguru anakariri sura na anatambua hatari. Ukimpiga mmoja, wengine wanapiga kelele, wanahama mti, na kesho wanakaa mbali kidogo kuliko risasi yako inavyofika. Utabaki unawinda, na vifaranga wanaendelea kupungua upande wa pili wa nyumba. Miradi yenye fedha na wataalamu haikummaliza. Ya springi au ya mtungi, mtu mmoja hatammaliza.

Mambo matatu kabla hujatoa hela

1. Sheria. Umiliki wa bunduki nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015. Usidhani neno "upepo" linakutoa nje yake, na usiagize kitu mtandaoni ukitumaini kitapita kama toi. Nenda kwanza kituo cha polisi ukaulize. Kupiga ndege na wanyamapori nako kuna sheria yake.

2. Majirani. Viwanja vyetu vingi ni mita 20 kwa 20. Risasi ya bunduki ya upepo iliyokosa kunguru juu ya mwembe inaweza kwenda zaidi ya mita 100. Hesabu mwenyewe hapo katikati kuna nyumba ngapi na watoto wangapi. Kirisasi cha milimita 4.5 kinatoboa jicho.

3. Kuku wako. Hili wengi hawalifikirii. Virisasi vingi vinatengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kuku hudonoa vijiwe ili visagie chakula kwenye firigisi, na hawezi kutofautisha kijiwe na kirisasi. Kinasagika humo polepole, sumu inaingia kwenye damu, na inaweza kufika kwenye yai analokula mwanao. Unakuwa umemlinda kifaranga dhidi ya kunguru na kumwachia sumu uani.

Kinachofanya kazi

Mlaze kifaranga na mama yake kwenye tenga au banda dogo lenye wavu hadi afikishe wiki 6 hadi 8. Baada ya hapo amekuwa mzito kwa kunguru. Kama unataka watoke juani, tandaza wavu wa zamani wa wavuvi juu ya uwanja mdogo uliozungushiwa. Hapa pwani wavu chakavu haupatikani kwa shida, na bei yake hailingani kabisa na ya bunduki.

Lisha ndani ya banda, si uani. Pumba iliyomwagwa nje ni mwaliko. Utumbo wa samaki na mabaki ya jikoni fukia au funika. Kunguru aliletwa kwa ajili ya taka, na mpaka leo taka ndiyo inayomweka.

Kiota kikiwa kwenye mti wako, kiondoe mapema kabla hawajaangua, tena kwa ngazi imara na mtu wa kukushikia. Majirani mkiwa tayari kuchangia, mtego mkubwa wa kizimba, wenye mlango wa kuingilia juu na chambo ndani, unaweza kukamata kunguru wengi bila risasi hata moja. Njooni ofisi ya kata kwanza tuzungumze namna ya kuusimamia.

Na tafadhali, usichanganye sumu ya panya na nyama ukaitupa uani. Ile ya kampeni za Serikali ni sumu maalumu, inatumiwa na wataalamu. Hiyo ya dukani itaua mbwa na paka wa jirani, na kuku wako pia.

Ukiondoka hapa, hesabu vifaranga ulionao leo, kisha pima eneo la kuwafunika. Atakayehitaji msaada wa vipimo vya wavu aniandikie ukubwa wa uwanja na idadi ya kuku, nitamsaidia kupiga hesabu. Wiki ijayo tutazungumzia chanjo ya kideri.

Ufugaji mwema.